Chumba Kitupu cha Marlys na Nyota za Wasiocheza

“Mnasukuma mlango. Ndani hamna kitu,” anasema Marlys Skaar, kisha anafunga mdomo na kuchukua kikombe chake cha kahawa.

Ni Jumamosi asubuhi katika duka la michezo ya mezani la Duane Pribyl, hapa Kettle Ridge, Wisconsin. Nje theluji imefika kwenye vioo vya magari. Ndani, watu wazima watano wameizunguka meza yenye dadu, penseli na sahani ya jibini la kukaanga, na hakuna anayenyoosha mkono kwenye sahani.

Mai Nhia Xiong, nesi wa hospitali yetu, anauliza kama kuna sauti. Marlys anasema hakuna. Anauliza kama kuna harufu. Marlys anafikiri kidogo, anasema ipo, ya majani makavu na maziwa yaliyomwagika zamani, ila ni hafifu mno. Fundi wa matrekta aliyekaa karibu na dirisha anasema yeye hataki kukaa humo.

Wanaanza kubishana. Mmoja anataka warudi walikotoka, mwingine anataka kupekua sakafu. Fundi anakuwa mkali, anasema wenye chumba hiki waliondoka kwa uchungu na hatakubali mtu achokonoe vitu vyao. Vitu gani, na chumba ni kitupu? Lakini hakuna anayemcheka.

Jibini limepoa na bado wamo humo humo. Muda wote huo Marlys amesema maneno machache tu, na ndivyo alivyokusudia alipouandika mkasa huu.

Sasa chukua simu yako, fungua tovuti inayouza kijitabu chake, usome maoni ya mteja yaliyowekwa juu kabisa. Nyota moja kati ya tano. “Chumba cha tatu hakina kitu. Mwandishi amesahau kuweka zimwi. Uvivu mtupu, msipoteze hela zenu.”

Amesahau, eti. Niliposoma neno hilo mara ya kwanza, nusura niibamize simu ukutani.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza hizi, mambo yenyewe ni mepesi. Kila mchezaji anajifanya mtu fulani, mwizi, mganga au askari. Mwendesha mchezo anawasimulia wanachokiona, wao wanasema wanachofanya, na pale pasipo na uhakika dadu zinaamua. Mwendesha mchezo anaweza kubuni yote mwenyewe, ama akanunua mkasa ulioandikwa tayari na mtu kama Marlys: kijitabu chenye ramani, vyumba na watu wa kukutana nao. Na kwa kuwa hukijui kijitabu mpaka ukinunue, unatazama nyota walizotoa waliokutangulia.

Hapo ndipo tunapodanganywa. Mkasa haukuandikwa usomwe kitandani, uliandikwa uchezwe na watu. Anayeupa nyota bila kuuchezesha anasifia mchuzi kwa kuangalia picha ya kwenye pakiti. Na ndivyo wanavyofanya, mchana kweupe, bila haya. Nendeni mkasome. “Sijaucheza bado, lakini nyota tano.” “Nimeupakua leo, unaonekana moto.” “Picha safi sana, nyota tano.” Mtu anakiri kwa maandishi yake mwenyewe kwamba hajui anachokisema, na tovuti inaihesabu nyota yake sawasawa na ya mtu aliyeketi mezani jioni nzima.

Marlys ana miaka sitini na moja. Jumatatu hadi Ijumaa yumo jikoni katika shule ya msingi, akiwapakulia karoti watoto wasiotaka karoti. Mchezo huu aliujua akiwa msichana, katika chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, wakati akina mama wengine wa mji huu walipodhani ni mambo ya shetani. Mama yake naye alidhani hivyo, ila alikuwa na kazi nyingi mno hata asipate nafasi ya kumkataza.

Kabla ya jiko la shule, yeye na mumewe Verlyn walifuga ng'ombe wa maziwa. Shamba lilikuwa la baba yake Verlyn, na kabla yake la babu. Bei ya maziwa ilishuka ikawa chini ya gharama ya kuwalisha ng'ombe wenyewe. Mwishowe malori yakaja.

“Kesho yake Verlyn akaamka alfajiri vilevile, akavaa buti, akatoka,” anasimulia Marlys. “Mazoea tu. Nikamfuata. Nikamkuta amesimama katikati ya banda, kawasha taa zote, na ng'ombe hamna. Tulisimama hapo mpaka miguu ikafa ganzi.”

Verlyn hakuingia tena kwenye banda lile. Trekta analilaza nje kwenye theluji, kisha analitukana asubuhi likikataa kuwaka.

Marlys yeye aliandika. Mkasa wake unaitwa Chumvi ya Mfalme, na unahusu mgodi uliohamwa. Chumba cha kwanza kina wezi, cha pili kina maji yanayopanda, na cha tatu ni zizi la chini kwa chini, ambamo wachimba chumvi walifuga mbuzi. Kwenye kijitabu chumba hicho kina mistari miwili tu: hamna kitu humu, na mwendesha mchezo asiongeze neno mpaka aulizwe. Aliufuta na kuuandika upya mara nyingi, akiujaribu kwa watu kila Jumamosi pale kwa Duane, kabla hajathubutu kuuuza.

Mmoja wa wale aliowajaribia ni Verlyn. Mchezaji mmoja alikuwa na mafua, kiti kikabaki wazi, na Verlyn, aliyekuja tu kumpeleka mkewe nyumbani, akasukumiwa karatasi ya askari mlevi na kuambiwa akae. Alicheza kwa kununa, akitazama saa. Walipofika chumba cha tatu, wenzake wakauliza maswali yao. Yeye aliacha kutazama saa.

“Askari wangu anavua kofia,” alisema hatimaye.

Marlys anasema usiku ule, kwenye gari, ndipo Verlyn alipomtajia banda kwa mara ya kwanza tangu malori yaondoke. Walichoongea hataki kukisema gazetini, na sikumlazimisha.

Basi hicho ndicho chumba ambacho mwandishi wake “amesahau.”

Kijitabu kinauzwa dola nne, na tovuti inachukua karibu nusu. Marlys anacheka akiulizwa kama kinalipa. Anasema mwaka uliopita kilimnunulia matairi ya gari, mawili, na mawili mengine yakatoka kwenye karoti.

Kilichomuuma si hela. Kila kiangazi kuna tamasha la michezo kule Milwaukee, ukumbi mzima umejaa meza, watu wanatoka mbali. Mwaka huu waandaaji walitangaza kwamba watatenga meza kwa ajili ya waandishi wa Wisconsin, na kila mkasa utakaochaguliwa utaendeshwa na mtu mwingine, si mwandishi. Hilo ndilo Marlys alilokuwa akilitamani tangu aanze. Anajua watu wa Kettle Ridge wanavyofanya mle chumbani. Alitaka kuona wageni, wakiongozwa na mgeni, wakiusukuma ule mlango bila yeye kuwepo kuwaandalia ukimya.

Sharti la waandaaji lilikuwa moja: wastani wa nyota nne kwenye tovuti.

Chumvi ya Mfalme haukuwa nazo. Ulikuwa na maoni machache, na yale ya nyota moja yalikaa juu kwa sababu watu waliyabonyeza kuwa “yamewasaidia.” Mbaya zaidi, yalizaa. Chini yake mwingine kaandika: “Kwa kweli nakubaliana na aliyetangulia kuhusu chumba cha tatu, nyota mbili.” Huyo hakucheza, na nina shaka kama hata alisoma. Alisoma maoni, akayatolea maoni.

Wakati huohuo mkasa mwingine ulikuwa umeshika nafasi ya juu kabisa: Ngome ya Malkia wa Majivu, kazi ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Jalada gumu, michoro ya kutoa udenda, mamia ya watu na karibu wote nyota tano. Duane aliununua kwa bei ya chakula cha watu wanne hotelini, akamwomba Marlys auchezeshe dukani. Walienda vizuri mpaka kwenye lango la ngome. Lango limefungwa, halivunjiki, haliparamiwi, na lazima upate ufunguo. Marlys akatafuta ufunguo uliko. Akageuza kurasa mbele na nyuma, watu wakimsubiri, akaukuta: umo kwenye droo ya meza ya malkia, ndani ya ngome, nyuma ya lango lilelile.

Kwanza alidhani amezeeka macho. Duane akasoma, Mai Nhia akasoma. Umo ndani. Ikabidi Marlys abuni panya anayepita chini ya lango na ufunguo mdomoni, na jioni ikaokoka.

Baadaye walikaa kaunta wakayasoma maoni yote, moja baada ya jingine, wakitafuta mtu yeyote anayelalamikia lango. Kuna aliyesifu wino. Kuna aliyesifu harufu ya karatasi. Lango hakuna aliyeligusia.

“Mamia ya watu,” anasema Marlys, na hapa sauti yake, ambayo kwa kawaida ni ya mtu anayeuliza kama unaongeza viazi, inakwaruza. “Mamia, na hakuna hata mmoja aliyefika mlangoni.”

Nimeyafikiria maneno hayo tangu aliponiambia, na kila nikiyafikiria hasira inapanda. Tunaambiwa umati haukosei. Umati gani? Ni watu waliofungua bahasha, wakapiga picha jalada, wakapanga rafuni, kisha wakaja kutufundisha sisi cha kununua.

Duane ndiye aliyekuja na wazo. Ni mtu mnene, mpole, anayeongea sana, na kwa bahati mbaya mawazo yake huwa ya haraka. Alisema waliocheza Chumvi ya Mfalme pale dukani si wachache, basi nao waende wakaandike. Marlys alisita. Hakutaka kuombaomba nyota. Mwishowe alikubali kwa masharti yake: aandike aliyecheza tu, atoe nyota anazoona mwenyewe, na aeleze kilichotokea mezani kwake.

Jumamosi moja baada ya mchezo wakaandika. Duane alikaanga soseji, akafungua bia, na kila mtu akakaa na simu yake akiandika kwa makini. Wasiokuwa na akaunti walifunguliwa palepale kwenye kompyuta ya kaunta. Nimeyaona maneno yao, kwa sababu Mai Nhia aliyapiga picha. Yeye alitoa nyota nne na kulalamika kwamba maji ya chumba cha pili yanapanda haraka mno. Fundi wa matrekta aliandika sentensi moja: “Nilikataa kupekua na sijui kwa nini.” Nyota tano.

Maoni yale hayakumaliza siku tatu. Tovuti iliyafuta yote. Mtambo wao wa kukagua maoni uliona akaunti nyingi, mtandao mmoja, duka moja, saa moja, ukaamua huu ni ulaghai. Ukabandika na alama ya onyo kwenye ukurasa wa Marlys, kwamba mkasa huu umehusishwa na maoni ya kutiliwa shaka.

Niandike nini hapo? Watu pekee waliowahi kuingia mle chumbani wamefutwa kwa sababu waliingia pamoja. Lakini mchezo huu huchezwa pamoja, jamani, kwenye meza moja, chini ya paa moja, na mtandao mmoja. Anayejifungia chumbani peke yake na kubonyeza nyota tano bila kucheza, huyo mtambo unamwona mkweli. Nyota ya yule mwenye zimwi lililosahaulika ikabaki pale juu, inameremeta.

Waandaaji wa tamasha wakamkatalia. Marlys alimpigia simu mratibu, mama mmoja mwenye adabu, ambaye alimweleza kwamba nyota si kamilifu ila ndizo wateja wanazoziamini. Marlys akamuuliza kama yeye mwenyewe ameusoma mkasa wake. Mama yule akasema maombi ni mengi. Marlys akamuuliza kama ameuona Malkia wa Majivu. Ndiyo, huo ndio utakaochezwa ukumbi mkuu. Marlys akamwambia wakifika langoni wawe na panya, akakata simu. Anasema anajutia kukata, hajutii panya.

Duane alitaka wamwandikie yule mteja wa nyota moja. Aliandaa barua mwenyewe, na nimeisoma, na haichapiki. Marlys aliifuta yote akaandika swali moja kwa njia ya tovuti: ulicheza na watu wa namna gani, na walifanya nini mle chumbani?

Jibu lilichelewa. Lilipofika lilikuwa refu kuliko alivyotarajia. Mtu yule anaitwa Curtis Hollenbeck, anaendesha lori la nafaka huko Nebraska. Marlys amenionyesha barua yake, na Curtis amekubali niinukuu.

“Sikucheza na mtu,” aliandika. “Kundi letu lilivunjika mwanangu akiwa hajaanza shule, na sasa ameoa. Wengine walihama, mmoja alifariki. Siku hizi nanunua mikasa naisoma, najichezea kichwani nikiwa barabarani. Chumba chako kilinikera. Vyumba vingine nikiwa peke yangu napigana, nakimbia, napata kitu cha kufanya. Mle kwako sikupata.”

Marlys alisoma hilo akiwa jikoni shuleni, aproni kiunoni.

“Nilikasirika upya,” anasema. “Nikamwambia moyoni, sasa si useme hivyo? Si uandike kwamba uko peke yako? Kisha hasira ikaniishia, na hilo nalo likaniudhi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kwa muda mrefu.”

Mimi sikujiandaa kusamehe na sijasamehe. Upweke ni jambo la kweli, lakini haumpi mtu ruhusa ya kumwita mwenzake mvivu mbele ya watu asiowajua. Nilimwambia Marlys hivyo. Akanijibu kwamba nina haki, na kwamba nile jibini kabla halijaganda.

Siku hizi watu humuuliza, dukani na hata kwenye foleni ya karoti, mtu afanyeje basi anapotaka kuchagua mkasa. Yeye hasemi nyota zote ni takataka. Anasema usizitazame kabisa, soma maneno, na ndani ya maneno tafuta watu. Aliyecheza hawezi kujizuia kuwataja. Atakwambia shemeji yake aliitia moto ramani, au wachezaji wake walifanya urafiki na mwizi waliyetakiwa kumuua, au walikwama mahali akabuni njia. Hata akilalamika, atalalamikia jambo lililompata. Ukikuta maoni hayana mtu ndani, yawe ya nyota moja au tano, yapite.

Milwaukee atakwenda. Nje ya ratiba, pembeni karibu na wauza soseji, tamasha huwa na meza za wazi ambazo hazihitaji nyota, anayewahi anakaa. Mai Nhia ndiye atakayeendesha. Marlys amemkataza asimuulize lolote, naye atasimama mbali na kahawa yake kama mpita njia. Wachezaji watatu watakuwa wageni watakaopatikana hapohapo. Kiti cha nne ni cha Verlyn, ambaye amesema atakuja na askari wake mlevi, ila hataki kuulizwa saa ngapi atavua kofia.

Kiti cha tano ni cha Curtis Hollenbeck. Ni siku nzima ya kuendesha gari kutoka kwake, na amesema anakuja. Verlyn, mtu ambaye kwenye simu hazidishi salamu, alimpigia mwenyewe kumwelekeza barabara, wakaishia kuongelea bei ya mahindi mpaka chakula kikapoa.

Kwenye barua yake ya mwisho Curtis alisema ataifuta ile nyota moja, aweke tano, kwa kuomba radhi. Mimi ningekubali kabla hajabadili mawazo, maana usajili wa mwaka ujao unafunguliwa na wastani bado ndio sharti. Marlys amemkatalia.

“Hizo tano zitakuwa uongo uleule,” anasema, akikusanya dadu zake kwenye mfuko wa kitambaa, Jumamosi imekwisha na theluji imeanza tena. “Aiache kwanza. Aje akae mle ndani na wenzake. Akitoka, hata akinipa ileile moja, nitaipokea. Itakuwa ya mtu aliyeingia.”